Kijana ofisini Dar, gharama shambani Kinole

Mkulima wa Kinole, katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, anajua kupiga hesabu ya mazao yake. Anajua nanasi linakaa shambani muda gani kabla ya kuvunwa, mkungu wa ndizi unashuka bei msimu upi, na karafuu isiyokauka vizuri inavyokataliwa na mnunuzi. Lakini lipo zao moja ambalo kaya nyingi za Morogoro Vijijini zimeligharamia kuliko yote, na ambalo hesabu ya matunzo yake haifanywi. Zao hilo ni mtoto aliyesomeshwa hadi akapata kazi ya kompyuta mjini.

Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, lakini sare, chakula, nauli na gharama za chuo zimeendelea kutoka kwenye ndizi, mananasi na viungo. Malipo ya jasho hilo ni kijana anayeketi mbele ya kompyuta Dar es Salaam au Dodoma, akihudumia wateja wa kampuni za simu, akitunza mifumo ya benki au akitengeneza programu. Kazi za namna hiyo zimeongezeka tangu malipo kwa simu yalipoanza nchini kupitia M-Pesa mwaka 2008, na mkongo wa kwanza wa mawasiliano wa baharini ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009.

Kila mwezi kijana huyo hutuma chochote nyumbani. Fedha hiyo hununua mbolea, hulipia vibarua wa palizi na humsomesha mdogo wake. Kwa lugha ya biashara, yeye ni mtaji. Mtaji wowote usipokaguliwa huchakaa kabla ya wakati wake, na uchakavu unaowanyemelea vijana wa kazi za tehama una majina yanayofahamika: kitambi, presha, kisukari, ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Watu 209 kutoka Morogoro Vijijini

Suala hili si la kubahatisha. Watafiti waliwahi kuwafuatilia watu 209, wanaume 103 na wanawake 106 wa umri wa miaka 15 hadi 59, waliokuwa wakijiandaa kuhama kutoka maeneo ya Morogoro Vijijini kwenda kuishi Dar es Salaam. Walipimwa kabla ya kuondoka, kisha wakaendelea kupimwa wakiwa mjini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010.

Hawakuwa wafanyakazi wa ofisini peke yao. Walikuwa wahamiaji wa kawaida wenye shughuli mbalimbali, na baada ya mwaka mmoja taarifa zilizopatikana zilikuwa za watu 132. Hata hivyo, picha iliyoonekana inatosha kumfanya mzazi asimame na kufikiri.

Kabla ya kuhama, wanaume 79 katika kila 100 walikuwa wakifanya kazi nzito za kutoa jasho. Baada ya mwaka mmoja mjini walibaki 26 tu. Kwa wanawake idadi ilishuka kutoka karibu 38 hadi 16. Uzito nao ulipanda kwa wastani wa takriban kilo 2.3 kwa wanaume na kwa wanawake.

Kilo 2.3 zinaweza kuonekana kidogo. Lakini hizo ni za mwaka mmoja. Kijana anayeanza kazi akiwa na miaka 23 na kuongeza hata nusu ya kiasi hicho kila mwaka, atafika miaka 35 akiwa amebeba zaidi ya kilo 13 ambazo hakuondoka nazo nyumbani. Mkulima anayebeba mzigo wa kilo 13 kichwani huutua akifika barabarani. Mzigo wa kijana wa ofisini hautuliwi. Moyo wake unausukumia damu usiku na mchana.

Kondakta na dereva

Uhusiano wa kukaa na ugonjwa wa moyo ulianza kuonekana wazi London. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji hilo. Dereva na kondakta walifanya kazi katika gari moja na kwa mwajiri mmoja, lakini dereva alikaa kutwa nzima, wakati kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na walioupata waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi.

Sababu yake haihitaji shahada kuielewa. Misuli ya miguu na mapaja ndiyo mlaji mkubwa wa sukari iliyomo kwenye damu. Mtu anapopanda mlima au kulima, misuli hiyo huvuta sukari na kuiunguza. Anapokaa saa nane au kumi, inalala. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kuiingiza sukari ileile, na ziada hugeuzwa mafuta. Mafuta hayo hujikusanya tumboni, kuzunguka matumbo na ndani ya ini. Mwili unapoizoea insulini na kuacha kuitii, sukari hubaki kwenye damu, presha hupanda na mishipa huanza kuharibika. Yote haya hutokea bila maumivu.

Madaktari hutazama mambo matano: mzunguko wa kiuno, presha, sukari ya asubuhi kabla ya kula, na aina mbili za mafuta katika damu. Mtu mwenye kasoro katika matatu kati ya hayo matano huhesabiwa kuwa yuko katika hatari kubwa ya kupata kisukari na ugonjwa wa moyo, hata kama anajiona mzima.

Onyo kutoka India

India ilitangulia katika biashara ya kuajiri vijana wengi kwenye kazi za kompyuta, na sasa inaonyesha mwisho wa njia hiyo pasipo tahadhari. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya kuwapima wafanyakazi 345 wa sekta hiyo katika jiji la Hyderabad. Katika kila 100, wafanyakazi 84 walikutwa na mafuta yaliyozidi kwenye ini, 71 walikuwa na unene uliopitiliza, na 34 walikuwa na ule mkusanyiko wa kasoro tatu au zaidi.

Wahindi wana maumbile na mapishi yao, na takwimu za Hyderabad haziwezi kuhamishiwa Dar es Salaam kama zilivyo. Lakini kazi ni ileile: kukaa saa nyingi, kula haraka mezani, zamu za usiku na usingizi wa vipande.

Saa zenyewe ni hatari. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo, ikilinganishwa na mtu wa saa 35 hadi 40.

Hapa Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida 45 kwa wiki na ziada isiyozidi saa 50 katika wiki nne. Ukigawa ziada hiyo ni saa 12 na nusu kwa wiki. Kijana anayeichukua yote ili atume fedha zaidi nyumbani anafikisha saa 57 na nusu. Hajavunja sheria, lakini amevuka mstari ambao mashirika hayo mawili yameuona kuwa wa hatari. Mzazi anayeomba nyongeza kila mwezi ni vema ajue nyongeza hiyo inakotoka.

Mbona presha haikupanda?

Katika ule utafiti wa Morogoro lilikuwamo jambo ambalo halikutarajiwa. Wengi wangedhani mtu akihamia mjini presha hupanda. Presha za wahamiaji wale zilielekea kushuka, na aina ya mafuta ya damu inayoulinda moyo iliongezeka. Walikuwa wakila nyama nyekundu zaidi kuliko kijijini, lakini pia walikuwa wakila matunda na mboga zaidi.

Tulinganishe na Kenya. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa nchi hiyo kwenda Nairobi. Presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki vijijini, na tofauti ilianza kuonekana mapema baada ya kuhama. Vipimo vya mkojo vilionyesha kuwa chumvi katika miili yao ilikuwa nyingi ukilinganisha na potasiamu, madini yanayopatikana kwa wingi katika ndizi, viazi, maharage na mboga za majani.

Ukizisoma tafiti hizo mbili pamoja, unapata hoja yenye maana kwa Kinole. Mji peke yake haumuui mtu, kwani sahani inaweza kupunguza madhara ya mji au kuyaongeza. Jambo ambalo sahani haikuweza kulizuia ni uzito kupanda pale miguu ilipoacha kufanya kazi. Kwa hiyo kijana wa ofisini anahitaji vyote viwili, chakula cha nyumbani na mwendo wa nyumbani. Akichagua kimoja amefanya nusu ya kazi.

Kijijini nako kusijisahau

Itakuwa kosa mkulima akihitimisha kwamba haya ni maradhi ya watu wa mjini. Kati ya mwaka 1992 na 1995 vifo viliandikishwa katika maeneo matatu ya nchi: Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Vifo vya kiharusi kwa watu wa miaka 15 hadi 64 vilikuwa vingi zaidi Dar es Salaam. Lakini hata Morogoro Vijijini, kulikokuwa na idadi ndogo kuliko kwingine, wanaume 35 katika kila 100,000 walikufa kwa kiharusi kwa mwaka, wakati Uingereza na Wales walikuwa karibu 11. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa presha isiyotibiwa.

Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na tisa katika kila 100 walikuwa na sukari iliyozidi. Wengi wa wenye presha hawakuwa kwenye matibabu.

Maisha ya milimani nayo yanabadilika. Pikipiki inabeba mkungu uliokuwa ukishushwa kwa kichwa. Hiyo ni nafuu kwa mgongo na kwa biashara, na hakuna wa kumrudisha mkulima nyuma. Lakini soda, mafuta ya kupikia na sukari vimepanda mlima kwa pikipiki hiyohiyo.

Liko pia suala la heshima. Kijana anaporudi likizo, na tangu treni ya mwendokasi ianze safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 kurudi kumekuwa kwepesi, husifiwa kuwa amenawiri. Kitambi huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba mji umempokea. Akirudi mwembamba watu hunong'ona, mazoea yaliyobaki tangu miaka ya hofu ya Ukimwi. Kwa hiyo hujaziwa sahani na kufunguliwa soda ya pili. Soda ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, sawa na vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na inafaa zaidi ikiwa chini ya 25.

Hesabu ya kinga na hesabu ya tiba

Mfanyabiashara mdogo anajua tofauti ya kubadilisha oili ya pikipiki na kununua injini mpya. Tofauti hiyo ndiyo iliyopo hapa. Kupima presha huchukua dakika tano. Figo zikishindwa kazi kwa sababu ya presha au kisukari, mgonjwa kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali kubwa, wiki baada ya wiki. Kiharusi humtoa kijana kazini, humfunga ndugu mmoja kwenye kazi ya kumuuguza, na hukata fedha iliyokuwa ikitumwa nyumbani. Kaya hupata hasara tatu kwa siku moja. Kwa Waluguru, ambao ardhi yao hufuata ukoo wa mama, mzigo huo hauishii kwa wazazi. Huwafikia wajomba, na shamba la ukoo huingia katika mazungumzo ya kukodishwa.

Nchi imechukua hatua. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza mwaka 2015. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Mwaka 2019 ulizinduliwa mpango wa taifa wa kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Lakini hatua hizo hazifiki mezani kwa kijana asipozifuata mwenyewe.

Mzazi hahitaji kuwa daktari ili kusaidia. Anaweza kumuuliza mwanawe maswali manne kwa simu.

La kwanza, kiuno chake kina ukubwa gani? Utepe wa fundi cherehani unatosha. Mwanamume akifika sentimita 94, na mwanamke 80, ni wakati wa kuchunguzwa zaidi.

La pili, presha yake ni ngapi? Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, ni presha ya kutibiwa, hata kama hana dalili yoyote. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 ni dalili ya kisukari inayotakiwa kuthibitishwa na daktari, na ikizidi 5.6 ni onyo.

La tatu, mwajiri wake anampima na kumkatia bima? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi na baada ya muda maalumu. Anayefanya kazi za kompyuta za vibarua, bila mkataba wa kudumu, hana budi kujipangia mwenyewe.

La nne, anatembea kiasi gani? Kiwango cha chini kinachoshauriwa ni dakika 150 za mwendo wa kuchangamsha mwili kwa wiki. Kwa anayekaa zaidi ya saa nane kwa siku hicho ni kidogo. Uchambuzi wa taarifa za watu zaidi ya milioni moja uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa dakika 60 hadi 75 kwa siku ndizo zilizofuta hatari ya kifo iliyoletwa na kukaa huko. Kushuka kituo kimoja kabla ya ofisi asubuhi na jioni, kupanda ngazi badala ya lifti, na kuitumia ile saa moja ya mapumziko ambayo sheria inaitoa kwa mtu aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, kunaweza kuijenga saa hiyo bila kulipia ukumbi wa mazoezi.

Soko lililopo mezani kwa kijana

Upande wa pili wa suala hili ni biashara. Kila msimu mananasi, machungwa na ndizi za Uluguru hushuka kwa wingi hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, lenye jina la machifu wa Kinole, na bei huanguka. Wakati huohuo, kilomita 190 hivi kutoka hapo, maelfu ya vijana wa ofisini hununua chipsi mayai, maandazi na soda mchana kwa sababu ndivyo vilivyo karibu na mlango. Wahamiaji wa Morogoro walionyesha kwamba mtu akiyaona matunda na kuyamudu, huyala. Hivyo hamu ipo, na kinachokosekana ni mtu wa kuyafikisha.

Kikundi cha wakulima kinachoweza kukubaliana na muuzaji mmoja mwenye banda safi karibu na ofisi kubwa kina nafasi ya kuuza ndizi mbivu, machungwa, mihogo na magimbi ya kuchemsha, na parachichi. Mambo matatu ndiyo yatakayoamua kama biashara hiyo itadumu. La kwanza ni usafi wa matunda yaliyokatwa, kwani mteja mmoja akiharisha habari huenea ofisi nzima. La pili ni kuuza tunda lenyewe badala ya juisi iliyoongezwa sukari, ambayo haina tofauti kubwa na soda. La tatu ni uhakika wa mzigo kila siku, maana mteja aliyekosa leo hurudi kwenye chipsi kesho. Muuzaji asidai pia kwamba ndizi inatibu presha. Tunda ni sehemu ya mlo, na mwenye kisukari hana budi kupangiwa kiasi chake na mtoa huduma wa afya.

Mikoba inayotoka Kinole kwenda mjini nayo inaweza kubadilishwa. Badala ya kumpa kijana sukari na mafuta ambavyo Dar es Salaam vimejaa, apewe maharage, ndizi za kupika, magimbi na mdalasini wa kukolezea chai isiyo na sukari nyingi. Na anapokuwa nyumbani siku mbili tatu, asiwekwe barazani kama mgeni. Akabidhiwe jembe, au apandishwe hadi shamba la juu akaone mipaka ya ukoo wake. Kufanya hivyo si kumdharau msomi, kwani miguu iliyoupanda mlima huo utotoni bado inaukumbuka, na moyo wake unauhitaji.